Nyimbo Tisa Bila Gitaa

Jumatano, Machi 4

Mvua imeanza leo, na imeanza vibaya. Saa nne asubuhi maji yaliingia kliniki kwa chini ya mlango yakabeba pamba zilizotumika, na Daktari akaniagiza nizizoe kwa mkono kwa sababu ufagio haujulikani uliko. Nimezizoa. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kushika mrija unaofyonza mate ya watu. Mwaka wa nne huu natazama vinywa. Anayetaka kujua kwa nini napiga dramu kwenye bendi ya pank, ule muziki wa kelele, na aje asimame mahali pangu saa nane mchana, mtu aliyetoka kula samaki anapoambiwa afungue mdomo.

Bendi yetu inaitwa Kamasi. Tuko watatu. Dada yangu, tumbo moja, ni fundi wa friji, na ndiye mpiga gitaa na mtunzi wa kila wimbo. Mwalimu anafundisha hesabu shule ya msingi. Anaimba na kupiga besi, na koo lake limekomaa kwa kupigia kelele watoto sitini kwenye chumba kimoja. Mimi wananiita Mate. Kwa miaka sita tumepiga kwenye kumbi ambazo wenyewe walikuwa wakitusihi tupunguze sauti, na sasa tunarekodi albamu. Jina lake ni *Pole kwa Usumbufu*. Nyimbo tisa, dakika ishirini na mbili.

Dada kasema neno moja tu juu yake. "Miaka sita naambiwa napiga kelele. Nataka kitu kimoja cha kuwapa watu, niwaambie: haya, kelele yenyewe ndiyo hii, isikilizeni vizuri."

Jumamosi, Machi 7

Studio iko nyuma ya duka la magodoro. Kuta zimefunikwa kwa magodoro yaliyokataliwa, na kwa unyevu huu yameota ukungu wa kijani. Ukivuta pumzi unaonja godoro. Paa ni bati tupu, kwa hiyo mvua ikishuka, vinasa sauti vya dramu zangu vinaidaka yote. Fundi Sauti, mwenye studio, anasema tusijali, gitaa litaifunika.

Litaifunika kweli. Spika ya Dada imo ndani ya friji bovu alilolitoa matumbo yote. Anapiga huku mguu wake wa kushoto ukifungua na kufunga mlango wa friji. Mlango ukifungwa gitaa linakabwa koo, ukifunguliwa linatapika. Alihangaika na lile friji miaka miwili mpaka likatoa sauti anayoitaka. Ukiona vyaelea vimeundwa. Fundi Sauti alimshauri atumie spika ya kawaida, safi. Dada akamjibu, "Safi kanawie mikono."

Jumatatu, Machi 9

Mbele ya kliniki kuna jengo la gazeti, na chumba kizima cha habari kinatibiwa kwetu. Nayajua meno yao wote. Mhariri wa michezo anasaga meno usingizini. Mpiga picha ana bandia mbili na anadhani hakuna anayejua.

Leo ameletwa na maumivu yule Mhakiki, mwandishi wa ukurasa wa sanaa wa Jumapili. Mzee wa makamo, skafu shingoni katika joto hili. Gego la chini limeoza mpaka mizizini, na lilipofunguliwa ikatoka harufu iliyomfanya hata Daktari arudi nyuma hatua moja. Litatibiwa kwa awamu tatu. Daktari alipotoka kupokea simu nikamwambia, mrija ukiwa bado mdomoni mwake, kwamba tunatengeneza albamu ya pank. Hakuwa na pa kukimbilia. Baadaye akaniandikia anwani ya barua pepe nyuma ya kadi yake ya miadi.

"Nitumie," akasema. "Lakini nakuonya, binti, pank imenichosha. Magitaa, magitaa, magitaa."

Kadi ilikuwa na tone la damu. Nimeihifadhi hivyo hivyo.

Alhamisi, Machi 12

Wimbo wa nne unamsumbua Dada. Vidole vimechanika, amevifunga kwa ule utepe mweusi wa nyaya. Ameomba kwa Fundi Sauti atengenezewe folda yenye nyimbo zote bila gitaa, aende kuzifanyia mazoezi karakana kwake, katikati ya mafriji ya watu. Ametengenezewa.

Jumamosi, Machi 14

Tumemaliza. Mara ya kumi na saba ya wimbo wa nne ndiyo iliyokubali. Dada alifunga mlango wa friji taratibu, akakaa juu yake, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike baba. Mwalimu akamkumbatia, akapigwa shoti na waya wa gitaa, tukacheka wote mpaka mwenye magodoro akaja kugonga.

Jumatatu, Machi 16

Fundi Sauti ana homa kali. Amepiga simu kitandani, sauti haitoki, kwamba ameshaweka kila kitu kwenye hifadhi yetu ya mtandaoni, nimtumie Mhakiki. Nimemtumia saa tano asubuhi, glavu mkono mmoja, simu mkono mwingine, mgonjwa mmoja anashuka kwenye kiti na mwingine anapanda. Nimebofya folda ya juu.

Jumatano, Machi 18

Mvua. Dada kaniletea mwavuli kazini. Wagonjwa kumi na mmoja. Hakuna la maana.

Jumapili, Machi 22

Mama kauliza kama hii pank ina mwisho wake au ni kama kisukari.

Jumapili, Machi 29

Nina mengi, nitaandika taratibu.

Gazeti lililetwa na Mwalimu, amelifunika kwa fulana yake lisilowe, yeye mwenyewe akiwa kifua wazi mbele ya Mama bila haya. Ukurasa wa sanaa, wote, juu mpaka chini, ni sisi. Tulikaa mezani kwa Mama. Ndoo tatu zilikuwa sakafuni zikipokea maji ya dari. Dada akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kuitwa kazini.

"'Kamasi wamethubutu lile ambalo bendi nyingine za pank hata hazijaliota,'" akasoma. "'Wameliondoa gitaa.'"

Akaufuata tena mstari kwa kidole. Mwalimu akacheka kidogo akidhani ni utani wa mwandishi. Dada akaendelea, sasa polepole.

"'Kilichobaki ni besi, dramu na sauti ya mtu anayezama. Pale ambapo gitaa lingejaa, wao wameacha utupu, na ndani ya utupu huo, msikilizaji, mvua ya kweli inanyesha.'"

"Utupu upi?" Mama akauliza. "Nyinyi mmevua nguo huko?"

Dada akacheka. Alicheka mpaka akaweka kipaji cha uso mezani. Kisha akainuka, akafuta macho, akamalizia. Mbele kulikuwa na mistari miwili kuhusu mimi: kwamba mpiga dramu ndiye uti wa mgongo wa albamu, na kwamba kila pigo langu lina mfupa ndani yake. Aliisoma vizuri, hakuruka neno.

"Nani alituma?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa kazini, nilikuwa mbio."

"Umemtumia folda yangu ya mazoezi."

"Inaelekea."

"Basi," akasema, "mtu kakosea. Kesho mwambie Mhakiki atoe masahihisho." Akalikunja gazeti mara nne akaliweka chini ya mguu mfupi wa meza.

Sijawahi kusoma maneno mengi hivyo juu ya kitu kisichokuwepo. Amesifu uamuzi ambao hakuna aliyeuamua. Ameusifu kwa maneno kama "uadilifu wa sauti". Nimenawa mikono mara mbili baada ya kulishika lile gazeti.

Jumatano, Aprili 1

Gazeti la pili limetuandika, redio mbili, na kijana mmoja wa mtandaoni anayejipiga video akiwa bafuni. Wote wamemnakili Mhakiki. Neno "utupu" nimelihesabu mara kumi na tisa. Hakuna aliyewasha albamu akaisikiliza kwa masikio yake; wanaambukizana maneno kama watu wanaoazimana mswaki.

Mhakiki mwenyewe alikuja awamu ya pili ya jino lake. Sikusema lolote. Wagonjwa walikuwa wengi.

Jumatatu, Aprili 6

Mwalimu kahojiwa redioni. Tulisikiliza kliniki, Daktari kaongeza sauti kwa ajili yangu, mgonjwa kashikilia taya.

"Tulikaa chini kama bendi," Mwalimu akasema, kwa ile sauti ya kueleza sehemu za kumi, "tukajiuliza, hivi gitaa linatuambia ukweli? Tukaona hapana. Tukalitoa."

Nilimkuta shuleni wakati wa mapumziko. Alikuwa na chaki puani.

"Ulikaa chini na nani?" nikamuuliza.

"Mate, nilishikwa ghafla. Ilikuwa moja kwa moja hewani. Ningesema msaidizi wa meno alibofya vibaya?"

"Ndiyo."

"Sawa, ningesema. Halafu?" Akajifuta pua kwa mkono, akaipaka chaki zaidi. "Watoto wangu leo wameniamkia kwa heshima. Miaka tisa, mara ya kwanza. Na wewe usijifanye malaika, nilikuona ulivyosikiliza ile mistari yako miwili."

Nikamwambia ananitia kichefuchefu. Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

Jumamosi, Aprili 11

Kikao studio. Magodoro sasa yananuka kama mbwa aliyelowa. Fundi Sauti kapona lakini kakonda, na anaomba radhi kila dakika tano, kwa kuwa imeshaenea kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba homa ilimfanya achanganye folda. Sikumtetea. Nitalirudia hili.

Msambazaji mmoja wa muziki alikuwa kwenye simu, mezani, spika imefunguliwa. Anaitaka albamu, anataka iende redio zote, anataka uzinduzi ukumbini Mei 9. Anaitaka ile isiyo na gitaa. "Ile nyingine," akasema, "ni nzuri pia, ila ile ni pank tu." Akakata.

Tukapiga kura. Bendi yetu hupiga kura kwa kunyoosha mguu, kwa sababu siku tulipoanza mikono yote ilikuwa imeshika vyombo. Mwalimu akaunyoosha wake kukubali. Dada akautia wake chini ya kiti. Wakanigeukia.

"Mdogo wangu," Dada akasema, "sema tu."

Nikasema tuanze na hii, kwa kuwa mlango umeshafunguka. Nikasema watu wakishatuzoea, yako itafuata.

"Yangu?" akauliza. "Mpaka jana ilikuwa yetu."

Na mguu wangu ulikuwa umeshanyooka. Nilipoutazama ulikuwa mbele yangu, raba nyeupe ya kliniki, na doa la rangi ya waridi la dawa ya kusukutulia.

Dada hakugomba. Alichomoa waya, akaubeba mkononi, akatoka kwenye mvua. Friji lake lilibaki. Fundi Sauti akauliza kama anaweza kulitumia kuwekea soda.

Jumapili, Aprili 12

Dada hapokei simu.

Jumanne, Aprili 14

Hapokei. Mvua.

Jumamosi, Aprili 18

Nilikwenda kwa Mama. Dada alikuwepo, akatoka kwa mlango wa nyuma niliposalimia kwenye wa mbele. Mama akaniambia, "Mwenzio anasema kuna mtu kawachezea. Mtafuteni. Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akaniongezea wali.

Ijumaa, Aprili 24

Awamu ya mwisho ya jino la Mhakiki. Mzizi umeshauawa na kusafishwa, leo lilizibwa. Daktari akaenda kuchanganya dawa chumba cha pili, nikabaki naye, mdomo wake wazi, ule mpira wa kuzuia mate umefunika nusu ya uso.

Nikamwambia. Nilisema albamu ina gitaa, kwamba gitaa ndilo albamu, kwamba alitumiwa folda ya mazoezi. Macho yake yalizunguka juu ya mpira. Mrija wangu ulikuwa unakoroma kooni mwake. Nilisema yote, sikuharakisha.

Daktari alirudi, akaziba, akatoa mpira. Mhakiki alisukutua, akatema kwenye beseni, akajifuta kwa skafu. Kwa skafu!

"Hilo haliwezekani," akasema.

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu."

"Binti, msikilizaji mwenye sikio husikia hata ambacho msanii hakukusudia." Akajipapasa shavu lililokufa ganzi, mate yalikuwa yanamtoka upande mmoja bila yeye kujua. "Na uhakiki ule umeshasomwa. Nimealikwa mahali patatu kuueleza. Nikisema leo kwamba nilisifu kosa, watauliza nilisikiliza nini."

"Ulisikiliza nini?"

Mhakiki aliuliza, "Kosa lenyewe la nani?"

"La fundi," nikasema.

Akaondoka akiwa ameridhika. Gego lake sasa ni jeupe, linameta, litatafuna miaka ishirini, na ndani limekufa.

Ijumaa, Aprili 24, jioni

Nimesema nitalirudia. Nalirudia sasa, la sivyo daftari hili nalo nilitupe na zile pamba.

Machi 18 niliandika kwamba hakuna la maana. Ni uongo. Siku hiyo saa sita Fundi Sauti alipiga simu, anatetemeka kwa homa, akaniuliza nimetuma folda ipi, kwa sababu ziko mbili. Nikamwambia nitaangalia. Nikaingia kile chumba kidogo cha kuchemshia vyombo, nikavaa spika za masikioni, nikafungua nilichotuma. Hakuna gitaa. Nilijua papo hapo. Ile ya kweli ilikuwa chini yake, ningeituma kabla mgonjwa hajamaliza kusukutua.

Lakini nikasikiliza wimbo wa pili. Miaka sita nimekaa nyuma ya lile friji, sijawahi kujisikia. Nilidhani mimi ni yule wa kupiga wenzake wasipotee. Kumbe mguu wangu wa kulia unafanya kitu kwenye wimbo wa pili, unachelewa kidogo, unakuja pale ambapo hutarajii. Nikarudia mara tatu. Nikajisemea nitatuma jioni. Jioni nikasema kesho. Sikusahau hata siku moja. Kila asubuhi nilikumbuka, kila asubuhi nikasema kesho, mpaka Jumapili ile gazeti likatoka na mfupa wangu ndani yake.

Fundi Sauti anaomba radhi kwa kosa langu. Mhakiki anatetea kosa langu. Mwalimu analihubiri. Nimewaita wote wachafu humu ndani, ukurasa kwa ukurasa, na mkono unaoandika ni ule ule. Nyani haoni kundule. La kuvunda halina ubani.

Jumamosi, Mei 2

Fundi Sauti nimemwambia. Akauliza, "Kwa hiyo hata homa yangu uliisingizia?" Nikasema ndiyo. Akasema nisije studio mpaka aniite.

Dada bado sijamwambia. Mwalimu yuko katika mazoezi, anasema nisiharibu uzinduzi.

Jumamosi, Mei 9

Uzinduzi, saa tisa alasiri. Mvua haikunyesha. Wiki tisa imenyesha, na haikukosa siku hata moja tuliyorekodi, leo anga jeupe kama shuka. Watu wakaanza kulalamika kwamba mvua iko wapi, maana wamesoma kuna mvua. Mwalimu alikuwa amejiandaa. Alikuja na mvua ya kurekodi, akaifungulia kwenye spika za ukumbi. Watu wakafumba macho, wakatikisa vichwa. Mhakiki alikuwa safu ya mbele, skafu mpya.

Wimbo wa kwanza, wa pili. Kwenye wa pili walishangilia mguu wangu. Ninaapa walishangilia mguu.

Katikati ya wa tatu mlango wa pembeni ulifunguka, akaingia Dada kwa ovaroli, sanduku la vyombo mkononi. Nilidhani amekuja kutupiga. Hapana. Friji la vinywaji la ukumbi lilikuwa limekufa, mwuza vinywaji alikuwa amempigia simu fundi, na hapa mjini fundi mzuri wa friji ni mmoja. Aliniona. Akaniinamishia kichwa kidogo, kama unavyomsalimu jirani mliyekutana sokoni. Akapiga magoti nyuma ya kaunta, nikabaki naona tochi yake tu ikitembea ukutani.

Tukaanza wimbo wa nne. Ule wa mara kumi na saba, ule wa utepe mweusi. Mwalimu anazama, mvua ya bandia inanyesha, na mwenye wimbo amejikunja nyuma ya kaunta anakaza skrubu ili watu wanywe soda baridi.

Mikono ikagoma. Niliacha kupiga, nikaenda mbele, nikamnyang'anya Mwalimu kinasa sauti.

"Gitaa lipo," nikasema. "Lilikuwepo tangu mwanzo. Mliyotumiwa ilikuwa ya mazoezi. Niliituma kwa bahati mbaya, nikajua baada ya siku mbili, nikanyamaza kwa sababu mlinisikia mimi. Nimemwibia dada yangu albamu yake."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, wakafuata wote. Walisimama. Msichana mmoja alikuwa analia kwa furaha. "Utupu!" akapiga kelele kijana wa bafuni. Mhakiki alikuwa anaandika kwa kasi, ulimi nje. Nikasema, "Ni kweli, jamani, si mchezo," wakashangilia zaidi.

Friji la vinywaji likanguruma likawaka. Dada akasimama, akatia kiganja ndani kupima ubaridi, akaridhika, akaufunga mlango kwa mguu wa kushoto. Akachukua sanduku lake akatoka.

Jumapili, Mei 10

Ukurasa mzima tena. "Ungamo la kuigiza lililogeuza kosa kuwa falsafa." Mwalimu kanitumia pongezi.

Sijamjibu. Nimefungua hifadhi yetu, nimechukua folda ya kweli, yenye gitaa, nimeiweka mtandaoni wazi kwa kila mtu, na majina yetu watatu, la Dada likiwa la kwanza. Kisha nimemwandikia Mwalimu kwamba mimi sipigi tena mpaka friji lirudi jukwaani.

Jumanne, Mei 12

Waliosikiliza ile ya kweli: arobaini na mmoja. Maoni sita. "Gitaa limeharibu kila kitu." "Rudisheni utupu." "Mbona mvua haisikiki?" Nilitaka kuwatafuta mmoja mmoja niwang'oe meno bila ganzi.

Jumatano, Mei 13

Jua. Barabara imekauka, imeacha nyayo za watu zilizogandia kwenye tope. Nilitoka kazini saa kumi nikaenda karakana kwa Dada, kwa miguu, nikitafuta maneno, nikakuta sina hata moja.

Alikuwa amelala chali nusu mwili, kichwa nyuma ya friji la mtu. Nikasimama mlangoni. Nikamwamkia.

"Arobaini na mmoja," akasema bila kutoka. "Nimeona. Mmoja kaandika kwamba gitaa linalia kama friji bovu." Akacheka huko huko ndani, kicheko kikatoka kizito, cha bati. "Huyo kasikia. Huyo mmoja, mpe soda."

"Dada, juzi ukumbini nilisema kitu."

"Nilikuwa nimewasha pampu ya kujazia gesi, sikusikia. Watu walikuwa wanashangilia nini?"

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya kawaida, hakuna kinasa, hakuna wa kupiga makofi. Nilianza na ile simu ya Fundi Sauti na chumba cha kuchemshia vyombo, nikamaliza na mguu wangu siku ya kura. Alitoka taratibu nyuma ya friji, akakaa sakafuni, akaifuta bisibisi kwa kitambaa muda mrefu kuliko bisibisi inavyohitaji.

"Tarehe kumi na nane," akasema. "Ile Jumatano nilikuletea mwavuli."

"Ndiyo."

"Tukanywa chai pale kwenye ngazi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nimetoka kujua. Bado moto."

Akaitazama bisibisi. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Zile dramu," akasema, "ulizipenda?"

Sikuona faida ya kudanganya tena. "Nilizipenda sana."

"Ni nzuri kweli. Wimbo wa pili, mguu wako unachelewa."

"Umeusoma gazetini?"

"Gazeti!" Akatema pembeni, mate halisi, sakafuni. "Nilikuwa nao wiki mbili kabla ya gazeti. Unadhani folda ile niliiomba ya nini? Gitaa naweza kufanyia mazoezi hata chooni, sihitaji mtu. Kwenye jukwaa nina friji sikioni, miaka sita sijakusikia. Niliiomba nikusikie wewe."

Akarudi kulala chali, akajisukuma nyuma ya friji mpaka nikabaki naona viatu vyake tu.

"Toka hapo mlangoni," akasema. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea pembeni, nikasimama ukutani penye vumbi la kutu. Hakuniambia nikae, wala hakuniambia niende.